Sura ya Sita: Banio la Kwemzindo

Saa mbili na nusu asubuhi ya Alhamisi, Inspekta Mwanamisi Shemdoe alikuwa amechuchumaa juu ya ukuta wa saruji, mita chache kutoka kwenye maji baridi, na bosi wake alikuwa akimfokea kwenye simu kutoka Lushoto.

"Ni kesi ya nusu saa hiyo! Shahidi yupo, sababu ipo, mtu yuko ndani. Unatafuta nini tena huko milimani?"

"Alama za mtaimbo, afande. Sijaziona."

"Jalada liwe kwa wakili wa serikali saa tisa. Uhujumu uchumi. Umenielewa?"

Alielewa vizuri kabisa. Uhujumu hauna dhamana. Na saa nane, saa moja kabla ya hiyo saa tisa, jopo la wizara lingeketi katika ukumbi wa usharika wa Kwemzindo, kijiji cha juu ya Mlalo, kusikiliza nani anapinga mtambo wa umeme wa pale kukabidhiwa kwa kampuni ya ng'ambo, Brenhald, kwa miaka thelathini na mitatu. Pingamizi lilikuwa moja tu, lina sahihi elfu moja na mia nne. Kanuni ya jopo ilisema lisomwe na aliyeliandikisha, kwa mdomo wake mwenyewe, la sivyo linafutwa. Aliyeliandikisha ni Mzee Sefania Shemhilu, na Mzee Sefania alikuwa mahabusu tangu juzi Jumanne, kwa kosa la kuubomoa mtambo ule ule anaoutetea. Ajabu, sivyo? Mwanamisi hakuwa na upande kwenye habari ya Brenhald. Ila hakupenda kufanywa kufuli la mtu mwingine.

Hapo alipochuchumaa ndipo palipobomolewa. Wenyeji hupaita banio: mto umezibwa kwa ukuta, maji yanaingizwa kwenye mfereji, mfereji unayapeleka mpaka kwenye mashine kule chini. Pembeni mwa ukuta kuna bamba la chuma lililofungwa kwa nati nne kubwa. Bamba likitoka, maji yote yanarudi mtoni na mfereji unabaki mkavu. Jumanne lilitoka. Kwemzindo ikakaa gizani mpaka jana jioni, fundi alipolirudisha kwa nati zile zile.

"Twaha, njoo," aliita. "Nieleze tena."

Twaha alikuwa mlinzi wa banio, kijana wa miaka thelathini na kidogo mwenye koti lililomzidi. Alisogea huku anatazama viatu vyake.

"Ni kama nilivyoandikisha, afande. Jumanne, saa mbili kamili asubuhi, redio ilikuwa inasoma habari. Nilimwona Mzee Sefania anapiga hizo nati kwa mtaimbo. Pa! Pa! Pa! Nikaogopa, nikakimbilia kijijini kutoa taarifa."

"Alipiga kwa nguvu?"

"Kwa nguvu zake zote."

Mwanamisi alipitisha kidole juu ya nati, moja baada ya nyingine. Pembe zake sita zilikuwa kali, rangi haijabanduka, grisi ya zamani bado imo. Akamgeukia Konstebo Edgar, aliyekuwa amesimama nyuma yake akitafuna hindi la kuchoma.

"Edgar, unaona nini?"

Edgar alimeza kwanza. "Naona mzee alipiga kwa ustaarabu sana, afande."

"Hizi zimefunguliwa kwa spana. Hakuna aliyezipiga. Twaha, nani mwingine alikuja hapa Jumanne?"

"Hakuna." Alijibu upesi mno. "Mimi sikuona mtu."

Alimwacha. Shahidi mwongo ukimbana mapema anapata muda wa kushona uwongo mpya. Akaomba lile gunzi la hindi mkononi mwa Edgar.

"Bado lina punje, afande."

"Lete."

Akalitupa kwenye mfereji, akabonyeza saa ya simu, akaanza kutembea nalo kando kwa kando. Mfereji ulizunguka mlima kama mshipi, ukapita chini ya migomba, ukapita ubavuni mwa mashamba ya kabichi na karoti ambako kila mkulima alikuwa na kipimo chake cha maji alichoruhusiwa kuchota. Watu waliokuwa wakipalilia waliinuka wakamwangalia inspekta wa polisi anavyolifukuzia gunzi. Mama mmoja alimtania kwa Kishambaa, akimuuliza kama kuku wa serikali wamekosa chakula. Mwanamisi alimjibu kwa Kishambaa hicho hicho kwamba kuku wanataka ushahidi, na mama akacheka mpaka akaegemea jembe.

Gunzi lilifika kwenye tangi la juu ya mashine baada ya dakika kumi na nane. Huo ndio mwendo wa maji kutoka banio.

Ndani ya nyumba ya mtambo, mwangalizi wa mashine, Scholastica, alikuwa akifuta mafuta mikononi. Mama wa miaka hamsini, mnene, sauti kubwa kwa ajili ya kushindana na mashine.

"Kabla hujaniuliza," alisema, "andika kwamba mimi nataka Brenhald waje. Beringi za mashine hii nimeomba tangu mwaka juzi. Nimeletewa nini? Kalenda! Mzee Sefania namheshimu, lakini heshima haizungushi mashine."

"Nimeandika. Umeme ulikatika saa ngapi Jumanne?"

Scholastica alifungua daftari lake, akalamba kidole, akapekua. "Hili hapa. Mzigo wa umeme ulianza kushuka saa nne na dakika ishirini na mbili. Saa nne na nusu, giza."

"Una uhakika? Twaha anasema bamba lilitolewa saa mbili."

"Twaha anasema!" Mama aliweka daftari mezani kwa kishindo. "Mimi naandika kila nusu saa kwa mkono wangu, miaka kumi na tisa. Nipendwe nisipendwe, daftari ni daftari. Saa mbili, saa mbili na nusu, saa tatu: maji yamejaa. Soma mwenyewe."

Mwanamisi alisoma mwenyewe, kisha akapiga picha ukurasa wote. Toa dakika kumi na nane kwenye saa nne na ishirini na mbili. Bamba lilitoka kama saa nne na dakika nne. Kwa hiyo ama Mzee Sefania alipiga nati saa mbili kamili bila kuzikwaruza, ama Twaha hakumwona.

"Spana za nati zile ziko ngapi?"

"Mbili. Moja hiyo ukutani. Nyingine nilimwazima Hamza, afisa uhusiano wa Brenhald, wiki iliyopita. Alisema wapimaji wao wanaihitaji. Hajarudisha." Scholastica aliziba mdomo kwa kiganja, kama mtu aliyesikia alichokisema. "Mh! Inspekta, mimi sijasema kitu."

"Hujasema. Kwa nini Twaha achague saa mbili?"

"Hilo hata mtoto anajua. Kila Jumanne saa mbili kasorobo Mzee Sefania anapita hapa akienda shambani kwake juu ya banio, saa mbili yuko banioni. Tunasalimiana, ananiuliza habari za beringi, anapanda. Miaka yote hiyo. Aliyetaka kumsingizia alijua hakosi."

"Na Jumanne hii?"

Mama alikunja uso. "Hakupita. Nikadhani mgonjwa."

Hapo ndipo Mwanamisi alipojua mzee hana hatia, na hapo hapo akajua kujua kwake hakutoshi. Twaha atasema alikosea saa. Wakili atamshika mkono. Bila kujua Sefania alikuwa wapi saa nne, jalada bado lingesimama kwa miguu miwili.

Yeye na Edgar walifika kwenye kituo kidogo cha polisi cha Kwemzindo saa tano na robo. Mwanamisi alivuta kitabu cha mahabusu, akasoma vitu alivyokutwa navyo mzee alipokamatwa Jumanne jioni akirudi nyumbani: simu moja, leso moja, miwani, kitabu cha nyimbo za kanisa, nyama ya mbuzi kipande kimoja imefungwa kwenye jani la mgomba.

"Nyama iko wapi, Edgar?"

Edgar alitazama dari.

"Edgar!"

"Afande, ingeharibika. Nilifikiri kwa maslahi ya kituo..."

"Umekula ushahidi."

"Kidogo tu. Na hata haikuwa tamu, afande. Haina chumvi hata punje. Nikajiuliza, wanapikaje watu hawa?"

Mwanamisi alikuwa ameshafungua mdomo amkaripie. Akaufunga. Akausoma tena ule mstari wa nyama kitabuni, mpaka Edgar akaanza kuomba radhi upya.

Chumba cha mahojiano kilikuwa stoo yenye meza. Mzee Sefania aliingia amenyooka, shati limefungwa mpaka kifungo cha mwisho. Miaka sitini na nane, mzee wa kanisa, fundi seremala, mtu aliyewahi kumaliza ugomvi wa mipaka kwa kukohoa tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nitakula jopo likishakaa. Mzee, Jumanne kati ya saa tatu na saa tano ulikuwa wapi?"

"Safarini."

"Safari ya wapi?"

"Safari yangu."

"Najua hukugusa zile nati. Daftari la Scholastica limenionyesha. Lakini nahitaji mahali pa kukuweka. Usiponipa, saa nane pingamizi linafutwa, saa tisa unapelekwa Lushoto, na mwezi ujao banio lina mlinzi wa Brenhald na ufunguo wa Brenhald."

Mkono wa mzee ulikunjika juu ya meza. "Unajua nani alichimba mfereji ule? Mwaka themanini na tatu. Msaragambo, kila nyumba mtu mmoja, jembe lako mkononi. Serikali ilileta mashine na saruji, sisi tulileta migongo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Sikatai mgeni alete beringi. Nakataa awe yeye wa kuniruhusu kumwagilia kabichi."

"Basi niambie ulikuwa wapi."

"Andika unavyoona."

Mwanamisi alifunga daftari lake. "Ile nyama ilikuwa ya mbuzi wa nani?"

Kwa mara ya kwanza mzee alishtuka.

"Askari wangu ameila. Anasema haikuwa na chumvi."

"Ameila?" Mzee alishika kichwa. "Mtu asiye wa ukoo? Jamani!"

"Bibi yangu kule Bumbuli alikuwa akipika hivyo siku moja tu. Siku ya fika. Mkienda kusafisha makaburi na kuwaomba waliotangulia. Makaburi ya ukoo wenu yako wapi, mzee? Vuga?"

Nje Edgar alisikika akigombana na kuku.

"Vuga," alisema Sefania hatimaye, kwa sauti ndogo. "Mdogo wangu Tobia alinipitia alfajiri kwa pikipiki. Tumerudi jioni. Barua tatu niliandika wizarani, hazikujibiwa. Niliomba kanisani mwaka mzima. Nikasema, hebu na huku. Mimi! Mzee wa kanisa miaka ishirini na sita, nimepiga magoti makaburini nikiombea banio."

"Saini hayo maneno, mzee, na sasa hivi nakufungulia."

"Sisaini."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mwaka jana baraza la wazee lilimtenga mtu kwa fika. Miezi tisa hakuigusa meza ya Bwana. Watu waliacha hata kumwalika harusini. Aliyeinua mkono wa kwanza kumtenga ni mimi. Aliyetengwa ni Tobia. Na Tobia huyo huyo amekuja kunipitia, wala hakunikumbusha."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, mzee."

"Naijua. Nimeihubiri."

Mwanamisi alitoka nje akampigia Tobia. Aliuliza swali moja, na mtu wa upande wa pili hakusita. "Kaka yangu? Sijamwona tangu Krismasi, afande." Uwongo mweupe, uwongo wa mapenzi, na ulimkera Mwanamisi kuliko uwongo wote wa Twaha. Ndugu wawili wanafichiana aibu, na elfu moja na mia nne wanazama nao!

Saa nane kasorobo alirudi ndani. "Inuka, mzee. Mahabusu huenda anakokwenda askari wake, nami nakwenda mkutanoni."

Ukumbi wa usharika ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Mbele waliketi watu watano wa jopo, mwenyekiti wao mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Safu ya kwanza alikaa Mchungaji Shukrani, mtu mkavu asiyejua mzaha. Sefania alipoingia na polisi wawili, ukumbi uliguna wote kwa pamoja.

Hamza wa Brenhald alisimama kabla mzee hajafika mbele. Mtoto wa Lushoto, shati jeupe, Kiswahili safi. Huwezi kumchukia kwa kumtazama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa heshima zote. Kila mtu ana haki ya kupinga. Lakini huyu anapinga mchana na kubomoa mchana huo huo. Kijiji kizima kimelala gizani kwa ajili yake. Jopo litampokea mhujumu?"

Mwenyekiti alivaa miwani. "Polisi wanasemaje?"

"Ni mtuhumiwa, mheshimiwa," alisema Mwanamisi. "Niliyoyaona asubuhi yanamsafisha nusu. Nusu nyingine anayo mwenyewe, hajanipa."

"Mzee, mimi si mahakama," alisema mwenyekiti. "Ila nina uhuru wa kumkataa msomaji mwenye doa. Nakuuliza mara moja. Jumanne asubuhi ulikuwa wapi?"

Sefania alimtazama Mchungaji. Akawatazama wazee wenzake wa kanisa, wamekaa mstari mmoja na tai zao.

"Nilikuwa Vuga," alisema mzee, kwa sauti iliyofika madirishani. "Makaburini kwa babu zangu. Kwenye fika. Nilikwenda kwa miguu... hapana, nilikwenda kwa pikipiki, nisiseme uwongo hata kidogo. Nimepiga magoti, nimekula nyama ya fika. Kosa hilo hilo nililomtengea mdogo wangu Tobia, mbele yenu nyote. Tobia, kama upo humu, nisamehe. Anayetaka kunitenga, anitenge. Lakini banio sikuligusa."

Nyuma kabisa, karibu na mlango, mtu mwembamba mwenye kofia ya pikipiki mkononi alisimama.

"Nilikuwa naye," alisema Tobia. "Tangu saa kumi alfajiri mpaka jua linazama. Na polisi nilimdanganya leo, anisamehe na yeye."

Hamza alianza, "Mheshimiwa, mambo ya mila hayawezi..."

Mchungaji Shukrani alisimama. Hamza akanyamaza, kwa sababu kila mtu alidhani anajua kinachofuata. Mchungaji alimkazia macho Sefania muda mrefu, uso haujalegea hata kidogo.

"Hilo ni la Jumapili," alisema. "Na Jumapili tutalizungumza, usidhani nimesahau. Leo ni Alhamisi. Soma, mzee."

Akaketi.

Mwenyekiti wa jopo aliitikia kwa kichwa. Sefania alifunua karatasi, lakini ilikuwa ikitetemeka mno. Tobia alipita katikati ya watu, akaja kuishika upande mmoja, kaka yake akashika upande wa pili. Mzee akaanza: "Sisi wananchi wa Kwemzindo..."

Mwanamisi alihisi mtu anamvuta mkono wa koti. Alikuwa Twaha. Uso umemshuka, midomo mikavu.

"Afande. Ile saa mbili niliambiwa niseme."

"Kwa nini unaniambia sasa? Asubuhi nilikuuliza."

"Mzee mzima amesema yake mbele ya Mchungaji wake." Twaha alikuwa analia bila kujificha. "Mimi nilichopewa ni hili koti la mlinzi wa Brenhald tu, na ahadi ya ajira. Nimeshindwa nini mimi kusema?"

"Nani alikuambia?"

Twaha hakunyoosha kidole. Alivua lile koti lililomzidi, akalikunja, akaliweka sakafuni kama mtu anayerudisha mali ya wenyewe, kisha akamtaja Hamza, kwa jina lake na jina la baba yake, kwa sauti ambayo safu mbili za mbele ziligeuka kuisikia.

Mwanamisi alimpa Edgar ishara akasimame mlangoni. Yeye mwenyewe akafungua daftari ukurasa mpya, akaandika tarehe na saa: nane na dakika thelathini na moja.